Tupeni Nguzo, Kuta Tutajenga Wenyewe

Kila nipitapo Nyayo Highrise, zile ghorofa za Nairobi zilizo kati ya barabara ya Mbagathi na mapaa ya mabati ya Laini Saba, Kibera, naona jambo lile lile: wakazi bado wanazijenga. Roshani moja imezibwa kwa vioo ikawa chumba cha watoto. Ya jirani imetiwa vyuma, na ndani yake kumewekwa jiko na mtungi wa gesi. Ghorofa ya chini, dirisha la mtu limegeuka duka. Unagonga, unapitishiwa maziwa na mkate katikati ya vyuma. Majengo haya yalikabidhiwa yakiwa yamekwisha, rangi imepakwa na kufuli ziko mlangoni, enzi za Rais Moi. Wanaoishi humo hawajamaliza.

Wala si Highrise pekee. Buruburu ilijengwa kwa awamu kati ya mwaka wa 1973 na 1983, na leo utaitafuta kwa tochi nyumba iliyobaki kama ilivyochorwa. Mtu aliongeza chumba uani, kisha ngazi ya nje, kisha wapangaji juu. Wataalamu wa mipango ya miji wakiona hivyo hutikisa kichwa na kusema mtaa umeharibika. Umeharibika kwa nani? Kwa yule mstaafu ambaye kodi ya vyumba viwili vya nyuma ndiyo inayomnunulia dawa za presha?

Naona nyumba za watu wa kipato cha chini tunazijenga kinyumenyume. Serikali inahangaika na mambo ambayo familia ingeyaweza yenyewe, kama vile kuta za ndani, vigae, milango na kabati za jikoni, na ikimaliza, nyumba imekuwa ghali kuliko mfuko wa yule aliyekusudiwa. Ingetosha serikali kufanya yale magumu: msingi, nguzo, slebu, ngazi, bomba la maji, bomba la maji taka na hati ya umiliki. Kisha iwaachie wenye nyumba waendelee hatua kwa hatua, kadiri pesa zinavyopatikana na watoto wanavyoongezeka, mhandisi akirudi kila hatua kukagua. Bandu bandu huisha gogo, na hivyo ndivyo Wakenya wengi wanavyojenga tangu hapo. Sheria zetu tu ndizo hujifanya hazioni.

Ghorofa za nani?

Historia ya Highrise yenyewe inatosha kunitetea. Shirika la Taifa la Nyumba lilipoyajenga majengo yale pembeni mwa Kibera, habari iliyotangulia ilikuwa kwamba wanaobanana mabatini wangepata makao bora. Yalipokwisha, walioingia ni watu wenye payslip: karani, mwalimu, afisa wa benki. Siwalaumu. Nyumba iliwekwa sokoni kwa bei ya nyumba iliyokamilika, nao walikuwa na uwezo wa kuilipia. Mama mboga wa Laini Saba alibaki upande wa pili wa ukuta, akiwauzia sukuma wiki.

Tulirudia wimbo huo Soweto Mashariki, hapo hapo Kibera. Mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulioungwa mkono na Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ulianza kutekelezwa mwaka wa 2004. Mnamo Septemba 2009 familia za kwanza zilihamishiwa nyumba 600 za muda kule Lang'ata, kwenye majengo 17, ili pale zilipotoka pajengwe upya. Kila nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na familia nyingi zikawekwa chumba kimoja kimoja huku zikitumia jiko moja na choo kimoja. Fikiria hesabu ya gesi tu ilivyokuwa. Mwaka wa 2016 nyumba 822 mpya zilikabidhiwa pale Soweto, ambazo wengi wanaziita Canaan. Kuanza hadi kukabidhi, miaka 12. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mpango ulipoanza alikuwa amemaliza sekondari.

Na baada ya kukabidhiwa? Lililosemwa tangu siku ya kwanza likatokea: baadhi ya waliopewa walipangisha nyumba zao kwa watu wenye kipato zaidi, wao wakarudi kwenye chumba cha mabati na kuishi kwa tofauti ya kodi. Viongozi wakawaita watu wasio na shukrani. Lakini hebu chukua kalamu uketi na mama huyo. Kule mabandani analipa kodi ya chumba kimoja, anapikia mlangoni, anauza mandazi pale pale anapopikia, na akikosa pesa wiki moja anazungumza na landilodi. Ghorofani analipa mchango wa nyumba, maji kwa mita, umeme kwa tokeni na ada ya usafi, na mandazi hayauziki ghorofa ya nne. Ghorofa imemwongezea matumizi na kumfungia biashara siku moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kawangware haikusubiri

Vuka Barabara ya Ngong uende Kawangware uone mwenendo mwingine. Dagoretti ilitiwa ndani ya mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru ikiwa tayari ni ardhi ya familia zenye hatimiliki, na hati hiyo ndiyo iliyojenga mtaa. Kwanza ilikuwa nyumba ya mzee na mahindi nyuma yake. Mahindi yakapisha safu moja ya vyumba vya mabati vilivyotazama uani, choo cha shimo kikiwa mwisho wa ploti na mfereji mmoja wa maji katikati. Kodi ya safu ya kwanza ikajenga ya pili. Kisha mbele, pale panapogusana na barabara, mabati yakabomolewa yakainuka maduka ya mawe. Juu ya maduka ikamwagwa slebu, na vyuma vikaachwa vikichomoza. Siku zikapita. Mtoto wa kwanza akapata kazi, ghorofa ya kwanza ikapanda.

Nilisimama na fundi mmoja huko Gatina akiwa juu ya slebu ya namna hiyo, akipima kwa kamba. Hakuwa na mchoro mkononi. Alikuwa akitazama jengo la jirani lililozuia mwanga upande wa mashariki, na akaamua kuhamisha dirisha. "Mzee, hapa jana kulikuwa na jua," aliniambia. "Leo jirani amepandisha. Ningefuata karatasi, huyu mpangaji angewasha taa saa sita mchana." Alipiga msumari kwenye mbao, akavuta uzi, na dirisha likawa limehama mita moja na nusu. Hakukuwa na barua wala kikao, na mabadiliko hayo hayakugharimu hata shilingi kwa kuwa ukuta ulikuwa haujainuka.

Hiyo ndiyo nguvu ya kujenga hatua kwa hatua: uamuzi hufanywa pale unapohitajika, na mtu anayeliona jambo kwa macho yake. Mchoro uliokamilishwa ofisini miaka mitatu kabla hauwezi kujua jirani atapandisha nini, wala mto utapanuka kiasi gani mvua za Aprili zikija, wala kwamba mwenye nyumba atajaliwa pacha.

Kwa nini Kibera haikufuata njia hiyo? Watu ni wale wale na mafundi ni wale wale. Wengine hulala Kibera na kujenga Kawangware. Tofauti iko ardhini. Ukiondoa sehemu ya Wanubi, ambao mwaka wa 2017 walipewa hati ya pamoja ya ekari 288 baada ya kudai kwa karibu karne nzima, ardhi ya Kibera ni ya serikali. Mwenye nyumba alijenga kwa idhini ya mdomo ya chifu, na idhini hiyo ilikuwa na sharti moja lisiloandikwa: usijenge kwa mawe. Kukarabati udongo ruhusa, kubadilisha bati lililotoboka ruhusa, ukileta tofali unabomolewa. Kwa hiyo chumba cha futi kumi kwa kumi kilichojengwa miaka 40 iliyopita kimekarabatiwa mara nyingi mno bila kusonga mbele hatua moja. Pesa zilizotumika kukandika udongo kila baada ya mvua zingekuwa zimejenga ghorofa. Na mwaka wa 2018, tingatinga zilipopasua Kibera ili barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata ipite, maelfu waliona tena kwa nini hakuna mwenye akili anayeweka simiti mahali asipokuwa na karatasi.

Huruma moja, majengo mawili

Najua msomaji ataniuliza: je, si ujenzi huu wa kupandisha tu ndio unaotuua? Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma mvua ikinyesha, karibu na mto, na zaidi ya watu 50 wakafa. Swali ni la haki na sitalikwepa.

Lile jengo, hata hivyo, halikuwa la familia iliyoongeza chumba kila ilipopata. Lilikuwa la kupangisha, lililopandishwa bila idhini kwa haraka ya kutafuta kodi. Aliyejenga hakuwa na sababu ya kusimama baada ya kila ghorofa na kujiuliza nguzo za chini zinasemaje. Hapo hatua hazikuwepo kabisa.

Huruma hiyo hiyo kuna mahali panaitwa Kambi Moto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wake, wakiwa ndani ya Muungano wa Wanavijiji na wakisaidiwa na Pamoja Trust, waliafikiana na Baraza la Jiji la wakati huo wajenge walipokuwa wakiishi, bila kuhamishwa. Kabla ya kuchimba msingi walijenga nyumba ya nguo. Naam, nguo: fremu ya mbao yenye ukubwa kamili wa nyumba iliyopendekezwa, ikavishwa kitambaa ikasimamishwa uwanjani. Watu wakaingia. Wakapanda ngazi. Mama akauliza meza ya chakula itakaa wapi, mzee akauliza jeneza litashukaje. Maswali ya namna hii huwezi kuyasikia ukiwa umetandaza karatasi juu ya meza ya mkutano, kwa sababu wengi wetu hatusomi ramani, tunasoma vyumba.

Kila ploti ilikuwa ndogo, kama mita nne na nusu kwa nne na nusu. Nyumba ilipangwa ipande juu, sakafu baada ya sakafu. Familia iliweza kuanza na chumba cha chini chenye choo na ngazi, ikahamia, ikaendelea kuweka akiba kidogo kidogo ya kila siku, kisha ikapandisha. Slebu ilijengwa kwa vipande vidogo vya zege vilivyofinyangwa pale pale mtaani, mbinu waliyojifunza kutoka kwa wenzao wa India, na kina mama ndio waliovifinyanga wengi. Jambo la kuzingatia ni kwamba msingi ulikokotolewa tangu siku ya kwanza kubeba sakafu zote, hata za yule ambaye hakuwa na hata shilingi ya sakafu ya pili.

Kinachowekwa siku ya kwanza

Hapa ndipo watetezi wengi wa ujenzi wa pole pole hupotea. Wanadhani maana yake ni kuacha kila kitu wazi. La hasha. Mzazi anayemnunulia mtoto wa gredi ya nne sare kubwa, akakunja pindo ndani na kulishona, amepanga kuliko yule aliyenunua ya saizi kamili. Pindo lile litateremshwa muhula baada ya muhula. Lakini kitambaa lazima kiwepo tangu mwanzo. Nguzo nyembamba haina pindo la kuteremsha.

Kwa hiyo ugumu wa usanifu wa aina hii ni kutenganisha mambo mawili: yale ambayo ukikosea leo hutarekebisha kamwe, na yale ambayo ni afadhali yasiamuliwe mpaka mwenyewe afike. Msingi, nguzo, njia ya gari la zimamoto, mteremko wa bomba la maji taka na umbali kutoka mtoni viko kundi la kwanza, na havina mjadala. Mahali pa ukuta wa chumba cha kulala, upana wa dirisha la duka, aina ya sakafu na hata idadi ya vyumba viko kundi la pili. Siku hizi tunafanya kinyume: tunapigania rangi ya vigae kwenye picha za kompyuta, halafu mfereji wa maji taka unaishia mtoni.

Msanifu Christopher Alexander, aliyefariki mwaka wa 2022, alilijaribu hili mjini Mexicali, Meksiko, mwaka wa 1976. Alikaa na familia tano na kuzipangia nyumba pale pale uwanjani, kwa kuchomeka vijiti ardhini na kuvisogeza mpaka kila familia ikaridhika, na zote tano zikatoka tofauti. Nchini Chile, mwaka wa 2004, Alejandro Aravena na wenzake walikuwa na ruzuku ya dola 7,500 tu kwa kila nyumba, ardhi ikiwa ndani yake, kwa familia 93 za mji wa Iquique. Wangeweza kujenga vibanda 93 vidogo. Walijenga nusu ya nyumba nzuri: jiko, bafu, ngazi na kuta nzito, wakaacha nafasi tupu katikati ya nyumba na nyumba. Wenyewe waliijaza. Mwaka wa 2016 Aravena alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo.

Lakini kwa nini tuende Chile? Nairobi ilifanya hivi kabla yao. Kule Dandora, kuanzia mwaka wa 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilipimwa ploti zipatazo 6,000 na kila moja ikapewa choo, bafu na maji, mwenyewe amalizie. Mradi ulifaulu mpaka ukajiponza: ploti zilikuwa na thamani, zikauzwa, na walionunua wakazijaza ghorofa mpaka jua likakoma kufika chini. Wengi husema hiyo ni dalili kwamba mpango ule ni mbovu. Ninavyoona mimi, jiji lilihesabu kazi yake kuwa imekwisha siku ya kugawa ploti. Hakuna aliyerudi kuuliza ghorofa ya tatu imekaa juu ya nini. Ujenzi usiokwisha unahitaji mkaguzi asiyestaafu, na hilo ndilo baraza la wakati ule halikuwa nalo, na kaunti ya leo bado inayumba kwalo. Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi tangu sheria ya 2011. Lakini ana kwa ana, mjenzi wa Kawangware humjua zaidi askari wa kanjo anayekuja kuchukua chake kuliko mhandisi anayekuja kupima chuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu ufa hulipiwa rushwa uendelee kukaa.

Pesa za mshahara wetu

Tangu Machi 2024, kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Ni fedha nyingi, na ghorofa zinainuka, Kibera ikiwemo. Naunga mkono kujengwa. Ninachopinga ni kila shilingi kuingia kwenye nyumba iliyokamilika, katika nchi ambayo mikopo ya nyumba ya benki zote ni kama 30,000 tu kwa watu wapatao milioni 50. Fundi wa viatu atamwonyesha nani payslip? Wanunuzi walio tayari ni wale wale wa Highrise, na ninaogopa tutawaona tena wakihamia na makochi yao huku aliyehesabiwa na chifu akitafuta chumba Kangemi.

Tenga sehemu ya fedha hizo, hata robo, kwa fremu tupu. Slebu, nguzo, ngazi, choo na mfereji kwa kila familia, ghorofa tatu au nne tu ili maisha ya chini yasikatike, na sakafu ya barabarani iachwe kwa biashara. Yule wa mandazi asipandishwe juu. Mikopo iwe midogo, ya mlango mmoja, ya ukuta mmoja, ipitie vyama ambavyo kina mama wanaviendesha tayari. Wasanifu vijana wanaomaliza vyuo na kukaa bila kazi wawekwe mitaani, kila mmoja na eneo lake, alipwe kwa kurudi. Kibera yenyewe imeshaona hili kwa udogo wake: tangu mwaka wa 2006 kundi la Kounkuey limekuwa likigeuza kingo za mto zilizojaa taka kuwa viwanja vya umma, likianza na wakazi kwanza na kuamua nao nini kijengwe.

Limebaki fundo moja gumu ambalo wanasiasa hawapendi liguswe. Wengi wa wakazi wa Kibera ni wapangaji. Fremu atapewa nani, mwenye vyumba 20 anayeishi kwingine au aliyelala ndani ya kimoja kwa miaka 15? Ukimpa wa kwanza, umemjengea hoteli. Ukimpa wa pili peke yake, wa kwanza atakwenda kortini na mradi utalala huko. Kambi Moto walikaa vikao vingi vya kuchosha mpaka wakakubaliana kwamba mwenye nyumba na mpangaji wapate ploti za ukubwa mmoja. Waliokuwa na vyumba vingi walipoteza kitu, na walikubali kwa sababu nao wangepata walichokosa siku zote, yaani mahali ambapo chifu hawezi kuwafukuza.

Makubaliano kama hayo hayajengwi na mkandarasi, na hayapatikani kwa hotuba ya siku moja ya kuweka jiwe la msingi. Kwa hiyo wabunge wa Kibra na Lang'ata, na mawaziri wanaopanda majukwaa hapo kila msimu, waulizwe swali dogo kabla ya uzinduzi mwingine: orodha ya wapangaji wa kila kijiji, waliohesabiwa nyumba kwa nyumba na majina yakabandikwa ukutani wenyewe wakayasoma, iko ofisi gani?